Kigango Hakihami

Wajukuu wangu, kaeni. Nimeyasema haya mara nyingi hata sauti imechoka, lakini nitayasema tena.

Lile timbo nyuma ya mikorosho limeshaachwa. Mawe yalikatwa, yakapakiwa, yakaenda kujenga nyumba za watu. Limebaki shimo na maji ya mvua. Hatua chache kutoka ukingoni wamelala wazee wetu, na vigango vyao vimemezwa na kichaka. Mnapita hapo na mbuzi kila siku, wala hakuna anayeinama kung'oa hata jani.

Kigango si gogo. Ni marehemu mzee wa chama cha Gohu aliyekuja ndotoni akadai makao yake, akachongewa mti mgumu, akamwagiwa tembo la mnazi. Akishasimamishwa, hahamishwi. Mji ukihama kufuata shamba jipya, yeye hubaki. Hapo ndipo mwizi alipopata upenyo: aliona mahame, akasema hakuna mwenyewe.

Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye vikaibwa. Mzee yule alikufa bila kuviona tena. Kimoja kilikutwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois, cha pili Chuo Kikuu cha Hampton, hukohuko Marekani, na ile picha ikawa shahidi. Vilirudi mwaka 2007. Mwaka 2019 vikarudi vingine 30 kutoka makumbusho ya Denver. Nilishukuru, lakini moyo uliniuma, maana vingi vinavyorudi havijulikani vilitoka kaburi gani. Mzee amerudishwa nchini, lakini nyumbani kwake hajafika.

Wanangu, mgeni haijui njia ya msituni kwetu. Mara nyingi mkono wa kwanza kung'oa ni wa kijana wa hapahapa, kwa fedha inayokwisha kabla ya jua kuchwa. Akija mnunuzi, mkataeni. Akija mkata mawe, mwonyesheni mpaka. Simu mnazo: pigeni picha, andikeni nani amelala wapi.

Jumamosi alfajiri nitakuwa kule timboni na panga langu. Mkono huu hauwezi tena kufyeka pote. Njooni, niwatajie majina yao mmoja mmoja, mkiwa mmesimama mbele yao.