Umbali na Malezi: Juu ya Alama Dhaifu na Chuo cha Mbali

Umbali, katika maana yake ya kwanza, ni kipimo cha nafasi iliyo baina ya mahali pawili. Lakini kwa kijana anayeondoka nyumbani baada ya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne nchini Kenya, yaani KCSE, umbali hupata maana ya pili isiyopimwa kwa kilomita, nayo ni nafasi iliyo baina ya mtu na wale waliokwisha kuamua yeye ni nani. Kutoka mjini Nakuru hadi Njoro hazifiki kilomita 30, na hadi Mombasa zinazidi 600, ila kwa maana hii ya pili kijana anaweza kufika Mombasa akiwa bado hajatoka mtaani kwao. Swali linalostahili kuchunguzwa ni hili: kama malezi ni kazi ya nyumbani, mwenye alama dhaifu ana sababu gani ya kuyatafuta mbali?

Jibu lazima lianzie kwenye alama yenyewe. KCSE huwapanga watahiniwa katika ngazi 12, kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1, kisha alama ya wastani hutolewa kwa kujumlisha masomo 7, na C+ ndiyo mlango wa kuingilia masomo ya shahada. Mwaka 2023 kanuni ya kujumlisha ilibadilishwa, hivi kwamba hisabati na lugha moja tu ndizo zinazohesabiwa kwa lazima, pamoja na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, ilhali kabla ya hapo Kiingereza na Kiswahili zilihesabiwa zote mbili. Maana yake ni kwamba majibu yaleyale, yaliyoandikwa kwa mkono uleule, yangeweza kuzaa wastani mmoja mwaka 2022 na mwingine mwaka uliofuata. Alama husema kweli, lakini kweli yake ni ndogo: hueleza kilichotokea kwenye karatasi fulani, katika majuma fulani, chini ya kanuni fulani. Kosa huanza pale lugha ya watu inapobadilisha kitenzi, kwa kuwa kijana hupata D mara moja, na kabla ya mwaka kwisha jamaa na majirani wamekwisha kusema kwamba yeye ni D.

Nyumbani hukumbuka, na hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo hatari yake. Upendo wa wazazi wa maeneo kama Bahati au Subukia hauna shaka, lakini upendo unaweza kugeuka huruma, na huruma si sawa na kutegemeza. Anayehurumia humpunguzia kijana kazi kwa kuamini kwamba haiwezi; anayetegemeza huiacha kazi kwa uzito wake wote, kisha akaongeza mkono wake. Methali ya Waswahili kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu husemwa kwa kawaida kama onyo, na onyo hilo ni la haki, maana ulimwengu hufunza bila kujali mwanafunzi ameelewa au ameumia. Chuo chenye malezi ni sehemu ya ulimwengu iliyokubali kujali, ambako mhadhiri hudai kazi iliyokamilika na papo hapo hujua ni nani hajala.

Hata hivyo umbali una gharama, na si ya nauli na kodi ya chumba pekee. Nakuru, iliyotangazwa kuwa jiji Desemba 2021, imejengwa na watu waliotoka mbali, wakifuata reli na mashamba makubwa. Na katika Bonde la Ufa hilohilo, machafuko ya 1992 na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwafundisha wengi, kwa damu, kwamba jina la ukoo linaweza kumfanya mtu mgeni mahali alipozaliwa. Mzazi anayeuliza jina la mwanawe litapokewaje huko aendako hana woga wa kipuuzi. Anauliza swali la kwanza la usalama, na asiyemjibu hana haki ya kumsifia safari.

Njia za kuendelea na masomo zenyewe zipo. Aliyepata C- anaweza kusomea stashahada, mwenye D akasomea cheti, na kozi za ufundi stadi humpokea hata mwenye E. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo ilikusudia ngazi hizi ziunganishwe ili mtu apande kutoka moja hadi nyingine. Egerton pale Njoro ilipanda hivyohivyo: ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi, ikawa chuo cha kilimo mwaka 1950, na chuo kikuu kamili mwaka 1987, wala hakuna anayeiita leo kwa daraja lake la kwanza. Taasisi huruhusiwa kukua. Kijana wa miaka 18 hunyimwa ruhusa hiyo, na huo ni udhalimu.

Umbali, basi, hauna thamani ya peke yake. Humwondolea kijana jina baya alilopewa, lakini hauwezi kumpa jina jingine. Hilo hutolewa na watu wanaomwona kila siku. Ikiwa watu hao wanapatikana katika taasisi ya ufundi iliyo mjini Nakuru kwenyewe, hakuna sababu ya kupanda basi, na chuo cha mbali kisicho nao ni kumtupa mtoto kwa jina la elimu. Mzazi wa Molo au Gilgil anayesoma orodha ya vyuo na aulize, kabla ya kulipa karo, jambo lisiloandikwa humo: mwanangu akikosekana darasani siku tatu mfululizo, ni nani, kwa jina lake, atakayekwenda kumgongea mlango?