Siku ya Kutokwenda Popote

Mke na mume wanaotua Bali na mabegi mgongoni huwa wameshapanga siku yao: pikipiki ya kukodi alfajiri, mashamba ya mpunga ya Tegallalang asubuhi, hekalu la Tanah Lot jua likizama. Mpango huo unafaa mwaka mzima, isipokuwa siku moja. Siku ya Nyepi, mwaka mpya wa kalenda ya Saka, kisiwa hufungwa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 asubuhi ya kesho yake. Uwanja wa Ngurah Rai haupokei ndege ya abiria kwa saa 24. Tangu 2018, hata intaneti ya simu huzimwa.

Makatazo ni manne: kuwasha moto au taa, kufanya kazi, kutembea, kujiburudisha. Yanamhusu kila aliye kisiwani, Mhindu na asiye Mhindu, mzawa na aliyeshuka jana. Mgonjwa mahututi na mjamzito aliyeshikwa na uchungu hupewa njia. Barabarani hubaki pecalang, walinzi wa mila.

Machi 2023 walinzi hao waliwakuta raia wawili wa Poland wamepiga kambi ufukweni, eneo la Gianyar. Waliambiwa waondoke, wakabishana, na baadaye wakafukuzwa nchini. Walikuwa wamekosa nini hasa? Ibada ya watu wengine inamdai nini asiyeiamini?

Jibu la haraka ni adabu: mgeni hufuata ya wenyeji. Halitoshi. Adabu inaeleza kwa nini mtu avue viatu mlangoni. Haielezi kwa nini hema moja ufukweni, lisilomzuia yeyote kusali, liwe kosa. Kulielewa hilo lazima uanzie jioni ya kuamkia Nyepi, vijana wanapobeba ogoh-ogoh, masanamu makubwa ya mazimwi, na kuyazungusha mitaani kwa ngoma na kelele. Simulizi maarufu ni kwamba pepo wakishachokozwa hivyo, kesho yake hukuta kisiwa hakina taa wala sauti, wakadhani hakuna mtu, wakaenda zao. Si kila mtu wa Bali anaichukua simulizi hiyo neno kwa neno. Wengi watakwambia ni siku ya kujihesabu nafsi. Hata hivyo umbo la ibada ni lile lile: utupu uwe kamili.

Hapo msomaji aliyepita madrasa atakumbuka faradhi ya kifaya. Sala ya jeneza, wachache wakiisali, waliobaki wamesalimika. Nyepi imegeuza hesabu hiyo: mmoja akiwasha tochi, utupu wa zaidi ya watu milioni 4 umetoboka. Imani ya mwenye tochi haiulizwi. Hakuna anayemtaka asali wala akiri lolote; anachodaiwa ni kutulia na kuzima taa, na ni vigumu kuuita huo ulazimishaji wa dini.

Lakini hoja hii haifai kuazimwa ovyo. Machi 2024 polisi wa Zanzibar waliwakamata watu 12 kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani. Saumu ya mfungaji haibatiliki kwa sababu jirani anatafuna. Sharti lake li juu yake mwenyewe. Anayetetea ukamataji huo atategemea heshima peke yake, na heshima inayodaiwa kwa pingu ni kesi nyingine kabisa.

Mwezi huo huo, tarehe 11, Nyepi iliangukia usiku wa tarawehe ya kwanza kwa Waislamu wengi wa Indonesia. Waislamu wa Bali waliombwa waende kwa miguu msikiti wa karibu, bila vipaza sauti, taa zikiwa chache. Kumbe utupu kamili nao hujadiliwa, ili mradi aliye upande wa pili ana ibada ya kuleta mezani. Wale wawili wa Poland walikuwa na hema tu.

Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyeiacha Baghdad mwaka 1095, aliandika kwamba kuna safari ya mwili na safari ya moyo. Ni rahisi mno kuwahubiria wapenzi waliokwama gesti kwamba wafunge ya pili. Huenda wakalala tu hadi jioni, na hakuna sheria waliyovunja. Linalostahili kuulizwa ni mzigo unavyogawanywa. Hoteli kubwa huwaachia wageni bwawa na mgahawa, mapazia yakiwa yamefungwa, na baadhi huiuza siku hiyo kama kifurushi maalumu cha mapumziko. Mwenye begi mgongoni aliyepanga chumba cha bei nafuu uani kwa familia hana bwawa. Yeye hukaa gizani pamoja na mwenye nyumba, kwa makatazo yale yale manne, bila punguzo.