Jina la Mtu Lisikatwe Katika Programu Yako

Wanangu mnaojifunza lugha ya C hapa Singida, leo nataka tuongee kuhusu majina. Programu nyingi mtakazoandika mkianza kazi zitapokea majina: la mkulima aliyeleta alizeti, la mgonjwa, la mwanafunzi, la kata anakotoka. Jina la mtu ni amana. Lugha ya C haitawatunzia amana hiyo. Inafanya unachoiagiza, basi.

Chukueni majina yaliyokuwa ya majimbo mawili ya uchaguzi mkoani kwetu, Manyoni Mashariki na Manyoni Magharibi. Anayeanza C, karibu kila mara, hupokea maneno kwa scanf yenye %s, nayo husoma mpaka ikutane na nafasi, ikaishia hapo. Majina yote mawili yanaingia kama Manyoni, wala hakuna ujumbe wa kosa. Tena lile neno Mashariki halijapotea. Limebaki kwenye foleni ya ingizo, linangoja swali linalofuata. Ukiuliza kilo ngapi za alizeti kwa %d, scanf inakutana na Mashariki mahali ilipotarajia tarakimu, inashindwa, na nafasi ya kilo kwenye kumbukumbu inabaki na chochote kilichokuwamo. Mkulima atalipwa kwa namba ambayo hakuna aliyeiandika. Scanf hurudisha idadi ya vitu ilivyofanikiwa kusoma, na ni uvivu usiosameheka kuipuuza idadi hiyo.

Someni mstari mzima kwa fgets, kisha mchambue wenyewe mlichosoma. Fgets huacha alama ya mstari mpya mwishoni. Iondoeni kwa strcspn kabla ya kuhifadhi. Alama hiyo isipokuwamo, mara nyingi maana yake mstari ulikuwa mrefu kuliko nafasi mliyotenga, na kilichobaki kitaingia kwenye usomaji unaofuata. Msikiache kijifiche hapo.

Ubora wa fgets ni kwamba lazima uitajie ukubwa wa chombo. Kaka yake, gets, hakutajiwa kamwe. Safu ya herufi ni kama debe: ukimimina zaidi ya ujazo wake, kinachozidi kinamwagikia vya jirani, na katika kumbukumbu ya kompyuta jirani anaweza kuwa anwani inayoiambia programu irudi wapi. Novemba 1988 mnyoo wa kompyuta ulioandikwa na Robert Morris uliingia kwenye kompyuta nyingi za Marekani, na mojawapo ya njia zake ilikuwa gets ndani ya programu iitwayo fingerd. Ilichukua hadi kanuni rasmi za C za mwaka 2011 kwa gets kufutwa kabisa. Scanf yenye %s isiyotajiwa upana ina hatari ileile, na hiyo bado inafundishwa katika somo la kwanza. Mimi naona ni kosa la ufundishaji.

Sasa tufike Ikungi, kata ya Mang'onyi. Likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi, jina hilo ni baiti 9, na sifuri ya kufungia inafanya 10. Likitoka kwenye simu au programu ya uandishi inayopinda ritifaa yenyewe, alama hiyo moja inachukua baiti 3 katika UTF-8, na jina linafika baiti 11, au 12 pamoja na sifuri. Aliyetenga char jina[10] kwa kuhesabu herufi kwa macho ameshaumia. Hata aliyetenga nafasi ya kutosha, strcmp itamwambia kuwa hizo ni kata mbili. Strlen huhesabu baiti, haijui herufi. Baiti E2 80 99 zigeuzeni kuwa ritifaa ya kawaida mara tu baada ya kusoma, kabla hamjalinganisha chochote.

Dennis Ritchie alipoiunda C kule Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ASCII yenye alama 128 ilitosheleza Kiingereza. Sisi hatukuwa kwenye mazungumzo hayo. Mwaka 1974 Serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo kazi ya kuifanya C iheshimu majina yetu imebaki mikononi mwenu, na hakuna mwingine atakayekuja kuifanya.

Mkisoma herufi mojamoja kwa getchar, pokeeni kwa int, msipokee kwa char. Getchar hurudisha thamani zote za baiti pamoja na EOF, ambayo kwa kawaida ni -1, na char haina nafasi ya kuzitofautisha zote. Kwenye kompyuta nyingi za ARM zinazoendesha Linux char haina hasi, kwa hiyo kitanzi chenu hakitaona mwisho wa faili kamwe. Na mkiita isspace ili kupunguza nafasi za pembeni, igeuzeni kwanza herufi kuwa unsigned char, maana baiti za ritifaa iliyopinda huwa hasi pale char inapokuwa na hasi.

Kabla hamjaikabidhi programu kwa mtu yeyote, iingizieni Manyoni Mashariki, Mang'onyi kwa ritifaa zote mbili, jina lenye nafasi mbili katikati, mstari mtupu, na mstari mrefu kuliko chombo chenu. Ikishindwa hata kimoja, rudini mkaitengeneze.