Sifa za Waraka na Haki ya Mtu Anayeandikwa

Swali la uhusiano kati ya kiini cha kitu, yaani kile kinachokifanya kiwe kilivyo, na sifa zake, yaani yale yanayosemwa juu yake, lilishughulikiwa na Aristotle zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na leo linamfika karani yeyote wa parokia ya Masasi au Newala, kusini mwa Tanzania, anayeandaa cheti cha ubatizo kwa programu ya kuandikia. Katika Word, mbali na maneno yanayosomeka, waraka hubeba sifa za kawaida kama kichwa na mwandishi. Tena mtumiaji anaweza kutunga sifa zake mwenyewe, akiipa kila moja jina, aina (maandishi, tarehe, namba, au ndiyo na hapana) na thamani, ambayo ndiyo jibu lenyewe, kisha akaweka ndani ya maandishi uga, yaani nafasi inayoivuta thamani hiyo na kuionyesha.

Anayetunga sifa huamua, kabla hajamwona mtu, ni yapi yatakayoweza kusemwa juu yake, na hapo ufundi unageuka kuwa suala la haki. Wamakonde wa huko, kama majirani zao Wamakua na Wayao, tangu zamani huhesabu ukoo upande wa mama, na kijana atokaye jandoni hupewa jina jipya. Misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), iliyoanzishwa Masasi mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani, ikaongeza jina la ubatizo. Mtu wa namna hiyo ana majina matatu, la kuzaliwa, la jandoni na la ubatizo, yote ya kweli, ilhali Word haikubali sifa mbili zenye jina moja katika waraka mmoja. Kwa hiyo karani akitunga sifa moja tu ya «Jina», na nyingine ya «Jina la baba» pasipo ukoo wa mama, waraka utakuwa umeificha kweli ingawa hakuna aliyesema uongo.

Hatari zaidi ni aina ya ndiyo na hapana, kwa sababu haina nafasi ya ukimya; tuseme karani ametunga sifa ya «Jando» ya aina hiyo. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, alilipa jando sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Kijana aliyepitia jando hilo hawezi kuelezwa kwa neno moja, na asiyeulizwa kabisa hastahili kuandikiwa hapana. Kumwandikia hivyo ni kama kumpachika jina lisilo lake, na Waislamu, ambao ni wengi katika maeneo haya, nao wanajua kwamba Qurani, katika sura ya Hujurat, inakataza kuitana kwa majina mabaya. Kumwita mtu kwa jina ni tendo litakalotolewa hesabu.

Sifa hizi husafiri na faili hata pale zisipoonekana kwenye karatasi iliyochapwa. Makarani wa Masasi na Newala basi na watunge sifa ya peke yake kwa kila jina na kwa ukoo wa mama, waziweke katika aina ya maandishi, na wamsomee mwenyewe zote kabla faili halijatumwa.