Kitanda hakizai haramu: baba ni damu ao ni malezi?

Methali hii tunaisikia toka utoto: kitanda hakizai haramu. Maana yake: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni mtoto wa bwana wa ile ndoa, na mtu wa inje hana ruhusa ya kuuliza zaidi. Wazee waliisema wakati ambapo hapakuwa njia ya kuhakikisha. "Mama njo anajua baba ya mutoto," watu walisema, kisha wakanyamaza.

Leo njia iko. Mtu anapitisha kipamba ndani ya shavu la mtoto na ndani ya shavu lake mwenyewe, anatuma kwenye labo, na kisha siku kadhaa jibu linakuja ndani ya bahasha. Bei yake si ya mtu wa mshahara mdogo, lakini wenye kuilipa wanazidi kuongezeka. Kwa hiyo inafaa tujiulize: je, methali ya wazee imekufa? Na kama bahasha inasema "hapana", yule mwanaume aliyelea mtoto miaka 10 anakuwa nani?

1. Kipimo kinajibu ulizo gani?

Kila mtoto anapata nusu ya ADN yake kwa mama na nusu kwa baba. Kama sehemu nyingi zisizotoka kwa mama hazipatikane kwa yule bwana, basi si yeye aliyemzaa. Kama zinapatikana, labo inaandika hesabu inayopita 99,9 kwa 100. Kipimo kinashindwa paka katika hali chache, kwa mfano kutenganisha ndugu wawili mapacha wa kufanana kabisa.

Zamani kidogo tulikuwa na makundi ya damu tu, yale tunayofundisha wanafunzi wa sekondari: baba wa kundi AB kwa kawaida hawezi kuzaa mtoto wa kundi O. Lakini kundi la damu linaweza kukatala tu, haliwezi kuhakikisha. Na kwetu Kongo kuna mlango mwingine ambao ukweli unapitia bila kuitwa: ugonjwa wa SS. Mtoto mwenye SS anapata S moja kwa mama na S moja kwa baba. Wazazi wanapimwa juu ya kusaidia mtoto, na munganga anaona kama bwana ni AA. Hakuna aliyetafuta siri, lakini siri imekaa mezani.

Tuangalie pia kipimo cha ADN kilianza kutumika namna gani. Alec Jeffreys alikivumbua katika mji wa Leicester, Uingereza, mwaka 1984. Kazi yake ya kwanza kubwa, mwaka 1985, ilihusu kijana wa jamaa kutoka Ghana ambaye serikali ilikataa kama ni mtoto wa mama yake, na ilitaka kumfukuza. Kipimo kilionyesha kama ni mtoto wake kweli, na kijana akabaki kwa mama. Kwa hiyo kipimo hiki kilianza kwa kurudisha mtoto nyumbani. Tukumbuke neno hili.

2. Wazee walijua nini

Wengine wanawaza kama wazee walikuwa wajinga wa mambo ya damu. Hapana. Walijua sana kama mwenye kuzaa na mwenye kuwa baba wanaweza kuwa watu wawili. Kwa makabila yanayohesabu ukoo kwa upande wa baba, kama vile Bashi wa Kivu na Waluba wengi wa Katanga, mali ya bibi, iwe ng'ombe ao kitu kingine, njo ilifunga watoto kwenye ukoo wa bwana. Kijana aliyezalisha binti bila kutoa kitu hakuweza kuja kujisifu: mtoto alikaa kwa wakambo wake wa upande wa mama mpaka siku wakubwa wa kijana watakapokuja kusema. Damu peke yake haikumpa kiti.

Kwa Wabemba na Walamba, ukoo unapita kwa mama. Pale, mjomba alikuwa na neno kubwa kuliko baba, na ulizo la "nani alizaa?" halikubadilisha ukoo wa mtoto hata kidogo.

Lakini tusipake asali kwenye desturi zote. Wanawake walilazimishwa kuapa, wakatukanwa, wakafukuzwa kwa sababu tu sura ya mtoto haikupendeza wakwe. Na "mutoto wa inje" alikula kwa jicho la watu maisha yake yote. Methali ilifunika mtoto wa ndoa. Yule wa inje ilimwacha kwenye baridi.

3. Sheria ya leta inasema nini

Sheria ya jamaa ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, ilishika methali ya wazee karibu neno kwa neno. Mtoto aliyezaliwa katika ndoa, ao ndani ya siku 300 kisha ndoa kuvunjika, baba yake ni bwana wa mama yake. Lakini ilikwenda mbali kupita methali. Kifungu cha 591 kinasema kama kila mtoto Mukongomani anapashwa kuwa na baba, na hakuna mtu mwenye haki ya kutojali mtoto wake, awe wa ndoa ao wa inje. Hata mtoto ambaye baba yake hakujulikana, sheria inataka apewe baba wa kisheria, ambaye tribunali ya amani inamchagua kwanza katika jamaa ya mama. Ona vile leta imekaribia hekima ya Wabemba: kama baba hayuko, mjomba asimame.

Kwa wazazi, matokeo ni mazito. Mwanaume anayekubali mtoto wa inje mbele ya ofisa wa etasivili anafungwa: chakula, masomo, matunzo, jina. Na siku akifa, mtoto huyo iko katika kundi la kwanza la waridhi pamoja na watoto wa ndoa, kundi linalopata robo tatu ya mali. Lakini sheria inasema: wale waliokubaliwa wakati baba alikuwa hai. Kila mtu ameona kwenye matanga kijana asiyejulikana anasimama karibu na sanduku, uso ule ule wa marehemu. Wote wanaona, hakuna anayesema. Uso si papié. Baba aliyeogopa kusema akiwa hai amemwachia mtoto wake vita.

Bwana wa ndoa naye anaweza kushitaki kwamba mtoto si wake, lakini sheria inamwekea muda. Haimruhusu akae na mtoto miaka mingi, kisha asubui moja aamuke na kumukana. Na mama anaweza kupoteza ndoa, hata kushitakiwa, kwa sababu uzinzi ni kosa mbele ya sheria. Kwa hiyo bahasha moja inaweza kuvunja watu watatu, na mmoja kati yao hakufanya kosa lolote.

4. Na bwana aliyedanganywa?

Hapa wasomaji wengi, zaidi wanaume, watasema: "Mwalimu, unataka tukule uongo?" Ulizo hili ni la haki. Mwanaume aliyelipa minervali ya watoto, aliyekesha hospitali, kisha akasikia kama bibi yake alijua toka mwanzo, ameumizwa kweli. Uongo wa mama si kitu kidogo, na hatupashwe kuufunika na neno "desturi". Ana haki ya kukasirika, ana haki ya kwenda mbele ya wazee ao mbele ya juji juu ya ndoa yake.

Lakini deni lile ni la nani? Ni la mtu mkubwa aliyedanganya. Mtoto hakuahidi kitu, hakudanganya mtu. Alimwita "baba" yule aliyemkuta nyumbani, na yule mtu aliitika. Kuitika mara elfu moja ni kitendo. Hakuna labo inayoweza kukifuta. Kumukana mtoto juu ya kuazibu mama ni kumpiga asiyekuwa na kosa kwa sababu yuko karibu na mkono.

Inchi zingine zimeogopa jambo hili. Ufaransa inakataza kupima baba bila amri ya juji, na anayekwenda kununua kipimo kwa siri anaweza kulipishwa amende. Sisi hatuhitaji kuiga kila kitu, lakini wazo lile si baya: bahasha isifunguliwe na hasira peke yake.

5. Mtoto anayetafuta

Upande wa mtoto, mambo yanageuka. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inampa mtoto haki ya kujua majina ya baba na mama yake. Angalia: haki ile ni ya mtoto. Mwenye kukimbia hawezi kuitumia kama mlango wa kutokea.

Ubelgiji ilituonyesha mfano. Delphine Boël, aliyezaliwa mwaka 1968, alisema miaka mingi kama baba yake ni mfalme Albert II. Mfalme alikataa kupimwa mpaka tribunali ikaamuru alipe euro 5.000 kwa kila siku ya kukataa. Mwezi wa 1 mwaka 2020 akakubali jibu la kipimo, na mwezi wa 10 tribunali ikampa Delphine haki yake. Hata kiti cha mfalme hakikuweza kufunika mtoto.

Lakini kipimo kile kile kinaweza kuumiza wanaotafuta jamaa zao. Toka mwaka 2008 Marekani ilianza kupima huko Nairobi wakimbizi waliotaka kufuata jamaa zao. Mpango ukasimamishwa, na ulipofunguliwa tena mwaka 2012, ADN ikawa lazima kwa mzazi na mtoto. Sasa fikiri mkimbizi wa kwetu. Mtoto wa ndugu yake aliyekufa katika vita anamwita "mwanangu", kama lugha zetu zote zinavyofundisha. Hakudanganya. Labo inaandika: si mtoto wako. Kwa hesabu ya labo ni kweli. Kwa hesabu ya nyumbani ni uongo. Na huko Kivu kuna wanaume waliokubali mtoto aliyezaliwa na bibi yao kisha kushikwa kwa nguvu na watu wa silaha, wakampa jina la ukoo wao wakijua yote. Kama wale si baba, neno baba halina maana tena.

Kwa kumaliza

Basi methali haikufa, inafaa tu kuisikiliza vizuri. Haikusema kama mama hawezi kukosa. Ilisema kama kosa la wakubwa lisiandikwe kwenye mwili wa mtoto. Kutoka hapo tunaweza kuweka mambo matatu.

Kwanza, mwenye mashaka aseme mapema, wakati mtoto angali tumboni ao mikononi, si wakati tayari anajua kuita. Pili, mwenye mtoto inje aende kumwandikisha akiwa hai; asiwaachie wajane na watoto kazi ya kupima mifupa. Tatu, wazee na avoka, mbele ya kufungua bahasha yoyote, waulize kwanza: kipimo hiki kinatafutia mtoto baba, ao kinamnyanganya yule aliye naye?

Kama ni la kwanza, kifanyike, hata kwa mfalme. Kama ni la pili, bahasha ingoje kwanza. Labo itatuambia nani alizaa. Nani ni baba, ile inabaki kazi yetu.