Mti Mmoja, Pete Mbili
Somo: Marko 10:2–12



Mafarisayo walipomwuliza Bwana Yesu habari za talaka, aliwarudisha mwanzo, kabla ya hati na mashahidi: Mungu amewafanya wawili kuwa mmoja. Neno hili twalisikia katika kila harusi, na wengi hulisahau kabla ya masufuria kuoshwa. Tulitazame kwa njia ya kazi ya mikono.

Huko Ulaya mafundi wa kukereza mbao hutengeneza kikombe cha harusi. Kipande cha mti hushikwa ncha zote mbili kwenye kerezo, kikazungushwa, na fundi akakichonga kwa patasi. Shinani mwa kikombe hukata pete mbili, taratibu, hata zikaachana na shina na kuzunguka zenyewe. Hakuna gundi wala msumari. Ni mti mmoja.

Tujifunze mambo matatu.

Kwanza, kitovu. Fundi asipoweka mti sawa katikati, wote hutikisika na patasi hurushwa. Kitovu cha nyumba ya Mkristo ni Kristo mwenyewe, si mume, si mke, wala si mama mkwe.

Pili, pete hazitoki ila kwa kuvunja kitu. Yeye asemaye, "Tutaachana tu," na ahesabu kwanza vipande, na watoto watakaovikanyaga.

Tatu, pete zile zimeshikamana na shina, lakini zazunguka kwa uhuru. Hapa ndipo pagumu kwetu watu wa Mara. Mtu hutoa ng'ombe wa mahari, kisha husema, "Huyu nimemnunua." La, hasha! Ng'ombe ni shukrani kwa wazazi waliolea. Hakuna zizi liwezalo kununua mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka hiari ya wote wawili, na yasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Ikiwa serikali imeona hivyo, sisi tuliobatizwa tuseme nini?

Kwa hiyo mama anayepigwa asiambiwe, "Vumilia, ndoa haivunjwi." Aliyeinua fimbo ndiye aliyeanza kuvunja kikombe. Mama huyo na aje kwa kasisi na wazee wa kanisa, na ikibidi aende polisi. Nasi tusimfungie mlango.

Ndugu zetu Wamakonde huchonga mpingo, ambao moyo wake ni mweusi na pembeni ni mweupe. Mafundi wengine huziacha rangi zote mbili katika kinyago kimoja. Hazifanani, wala moja haikulazimishwa kuwa nyingine. Mti huo huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa, na ukikaushwa kwa haraka hupasuka. Vijana mliofunga ndoa juzi, msikate tamaa mapema.

Juma hili kila mume na amwulize mkewe, na kila mke mumewe: "Ni wapi ninapokubana?" Kisha anyamaze, asikilize.

Mungu azibariki nyumba zenu. Amina.