Mtoto Katika Matete



Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria twayajua matete. Twajua kuwa yaweza kumficha mvuvi pamoja na mtumbwi wake, na twajua kuwa mamba naye hupapenda hapo. Kwa hiyo tusomapo Kitabu cha Kutoka, sura ya 2, hatuhitaji kuelezwa sana moyo wa mama yule wa Kiebrania. Alimficha mwanawe miezi 3. Alipoona hawezi tena, alimlaza ndani ya kisafina cha mafunjo, akakiweka penye matete kando ya mto. Hakumtupa mtoto. Aliishiwa na njia.

Twaanza na jambo hilo kwa sababu hapa Mwanza twasikia kila siku, hata mlangoni pa kanisa, ya kwamba watoto wanaolala kwenye baraza za maduka wametupwa na wazazi wao, au kwamba ni wahuni waliokataa shule. Nendeni Mwaloni, Kirumba, mapema asubuhi, muwaone wanavyookota dagaa walioanguka magunia yanapopakiwa. Nendeni stendi ya Nyegezi jioni. Mnunulieni mmoja wao uji, mkae naye, mmsikilize. Mtasikia habari za baba aliyefariki, mama aliyeolewa pengine, fimbo za mjomba, nyumba yenye watoto 9 na mlo 1 kwa siku. Wengi wana jamaa aliye hai.

Tena tukumbuke kwamba Kanisa letu huliita eneo la Kasisi mmoja "Mtaa". Sisi ni watu wa Mtaa, nao ni watoto wa mtaani. Hatujui ni nani aliyetupa ruhusa ya kusema kuwa hawa si wa kwetu.

Hapa yatupasa kuungama. Sisi tuliotoka chuo cha ualimu tungali vijana tulifundishwa kutunza daftari la mahudhurio kwa uangalifu mkubwa. Mtoto asipofika siku kadhaa tuliandika "mtoro" kwa wino mwekundu, na mwisho wa muhula tulijumlisha, tukapeleka hesabu kwa mwalimu mkuu. Hesabu zetu zilikuwa safi. Lakini katika miaka yote ile ni mara chache mno tulizofunga daftari tukaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa mtoto kuuliza kulikoni. Mmoja wa watoro hao tulimkuta miaka mingi baadaye akisukuma mkokoteni karibu na Makoroboi. Alitusalimu, "Shikamoo mwalimu," kwa heshima zote. Tulipomwuliza kwa nini aliacha shule, alisema mama yake alikuwa mgonjwa na hakukuwa na mwingine wa kumchotea maji. Nyumba yao haikuwa hata nusu saa kutoka shuleni.

Basi tuje kwenye Noeli iliyopita. Tulipeleka zawadi katika makao ya watoto, kama ilivyo desturi yetu: mchele, sabuni, mafuta na nguo. Kwaya iliimba. Tulipiga picha. Wakati wa kuondoka, mvulana wa miaka 9 hivi alimshika mkono mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, akamwuliza tutarudi lini. Mama yule hakuwa na jibu. Akatutazama sisi, na sisi tukalitazama gari. Baadaye mlezi alitueleza kwamba mtoto huyo ana bibi ng'ambo, upande wa Sengerema, anayempenda sana, ila nguvu zimemwishia na shamba lake halitoshi. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kilometa 3 za barabara juu ya maji, na hapana mtu wa kwetu aliyevuka kwenda kumwona bibi huyo.

Hatuwalaumu watu wa makao. Wanafanya kazi ngumu usiku na mchana, na mtoto aliyekuwa akilala barazani hupata hapo kitanda, chakula na shule. Lakini makao ni kisafina, nacho kisafina kilitengenezwa ili mtoto asizame, mpaka atokee mtu wa kumtoa.

Someni tena sura ile. Dada wa mtoto alisimama mbali apate kuona litakalotokea. Binti Farao alipomhurumia mtoto, msichana yule alijitokeza akauliza kama amtafutie mlezi miongoni mwa wanawake wa Kiebrania. Akaenda kumwita mama mzazi! Naye binti Farao akamwagiza amlee mtoto, akaahidi kumlipa mshahara. Angalieni, ndugu: mali ya nyumba ya mfalme ilitumika ili mtoto alelewe na mama yake. Tumeihubiri habari hii mara nyingi kwa ajili ya ukuu wa Musa. Mshahara ule tumeupita upesi.

Waingereza, ambao wamisionari wao walituletea Kanisa hili, walipita njia ndefu kabla ya kuliona jambo hilo. Dk. Barnardo alifungua makao ya wavulana huko Stepney, London, mwaka 1870, na kwa miaka mingi nyumba kubwa za namna hiyo zilidhaniwa kuwa ndiyo dawa. Sheria ya mwaka 1948 ikawapa halmashauri zao wajibu juu ya watoto hao. Siku hizi wengi wa watoto walio mikononi mwa halmashauri za huko hulelewa katika familia. Hata hivyo shida haijawaishia, maana mtoto aweza kuhamishwa familia hii hadi ile mpaka asijue kwao ni wapi.

Sisi nasi tulikuwa na njia yetu. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na kabla ya hapo ukimwi ulipovifagia vijiji vya Kagera, mabibi na mashangazi walichukua watoto bila kuandikiana. Lakini bibi wa leo ana miaka 70 na wajukuu 6, na ukoo umetawanyika.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo na kuasili, nayo yataka jambo hilo lipitie kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Mtu asimchukue mtoto stendi akaenda naye nyumbani kwa huruma tu. Wapo waliofanya hivyo wakamgeuza mtoto kuwa mtumishi asiye na mshahara, na baadhi yao huketi viti vya mbele kanisani.

Tumemwomba Kasisi, naye amekubali, kwamba nusu ya sadaka ya Noeli ijayo isinunue mchele. Itakuwa nauli ya kuwafuata jamaa wa watoto hawa pamoja na Afisa Ustawi, na msaada wa kila mwezi, kwa mwaka mzima, kwa nyumba zitakazoonekana zaweza kumpokea mtoto wao. Twatafuta watu 4 wa kwenda Sengerema juma la kwanza la mwezi ujao. Sisi tutakwenda, ingawa magoti yetu yamechakaa. Tena twatafuta nyumba 2 zilizo tayari kupeleka majina yao kwa Afisa Ustawi, kwa ajili ya watoto wasio na jamaa kabisa. Daftari liko kwa Katibu wa Mtaa, kila Jumapili baada ya ibada ya pili.